Sabufa: Seti, Spika au Boksi?

Ingia duka la vifaa vya sauti Kariakoo, useme unataka sabufa. Utawekewa mezani seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya na redio, na spika zake ndogo pembeni. Mimi nilitaka kuunda boksi langu nyumbani, ikabidi muuzaji aniulize, "Kaka, sabufa nzima au spika tupu?"

Kiingereza kililitoa neno hili kwenye mlio wa mbwa abwekaye kwa sauti nzito, kikatanguliza kiambishi chenye maana ya "chini ya". Sisi tukalitamka tunavyotamka. Sioni kosa hapo, maana Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, iliyopita midomoni mwetu. Anayependekeza "kipaza sauti" hatusaidii, kwa kuwa neno hilo tunaliitia hata maikrofoni.

Kinachonisumbua ni kwamba sabufa imemeza boksi, na besi inategemea boksi. Koni ya spika ikiisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Wimbi la mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita 8, hivyo la nyuma huizunguka spika kwa urahisi, likakutana na la mbele, yakauana. Ndiyo maana spika tupu, hata ya inchi 12, hutoa besi nyembamba. Boksi huyatenganisha mawimbi hayo. Ukiliziba kabisa, hewa ya ndani huwa kama springi. Ukilitoboa na kulitia bomba la plastiki, hulia kama chupa ya soda inayopulizwa mdomoni, jambo alilolichunguza Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19. Bomba likirefushwa, mlio hushuka.

Kwa hiyo sabufa na ibaki jina la seti, kama watu walivyoamua. Koni na sumaku yake tuiite spika ya besi, na nyumba yake boksi. Fundi anahitaji majina hayo mawili yakae mbalimbali, kwa sababu spika hununuliwa kwa inchi na boksi hupimwa kwa lita: sentimita 35 kwa 35 kwa 25, vipimo vya ndani, ni takriban lita 30.

Kwa seremala wa Keko sikutaja sabufa. Nilimwambia, "Fundi, nataka boksi la spika ya besi, MDF ya milimita 18, lisivuje hewa hata kidogo." Akachukua futi kamba, akaniuliza tundu la spika lina upana gani.