Kuwatafuta Bankambo Katika Makaratasi ya Zamani

Ukimwuliza kijana wa Lubumbashi, Kalemie ao Moba jina la baba yake, atajibu bila kuwaza. Jina la nkambo wake atalisema pia. Lakini baba ya nkambo alikuwa nani? Alitoka mugini gani? Na mama yake alikuwa wa ukoo gani? Hapo wengi wananyamaza. Wazee waliojua wamekwisha kutuacha, na waliobaki wanaanza kusahau. Ndipo tunakumbuka sanduku la chini ya kitanda: karatasi ya ubatizo, buku la kazi, kitambulisho chenye picha iliyofifia. Makaratasi hayo ni mali. Lakini hayasemi yote, na mara nyingine yanapoteza njia. Kabla ya kuyaamini, tujiulize yaliandikwa na nani, na juu ya nini.

Kwetu Katanga, walioandika majina ya bankambo walikuwa watatu: misioni, serikali na kompani.

Misioni ilitangulia upande wa ziwa. Mapadri Weupe walifika ziwa Tanganyika mwaka 1879. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, kilichoanzishwa na Mbelgiji Storms mwaka 1883. Mwaka 1893 walifungua Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, na huko Stefano Kaoze alipewa upadri mwaka 1917, wa kwanza katika Kongo ya Ubelgiji. Buku la ubatizo liliandikwa Kilatini: jina la mbatizwa, la wazazi, la msimamizi, na tarehe. Pembeni, kwa sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, padri alipashwa kuongeza kipaimara na ndoa. Kwa hiyo mustari mumoja unaweza kukupa nusu ya maisha ya mtu. Lakini uangalie: Mapadri Weupe walifundisha wakatekumeni miaka mine kabla ya kuwabatiza. Mtu mzima aliyebatizwa mwaka 1905 hakuzaliwa mwaka huo, na umri wake padri alikadiria tu. Tena kulikuwa watoto waliokombolewa mikononi mwa wauza watumwa, wadogo wasioweza kutaja mama wala mugini. Kwa jamaa zao, ukoo unaonekana kuanzia misioni. Hiyo si haya. Ni alama ya vita na ya utumwa, na inapashwa kuandikwa vile.

Serikali yenyewe, wakati wa Leopold wa pili (1885-1908) na wakati wa Kongo ya Ubelgiji (1908-1960), ilihesabu watu juu ya kodi na kazi. Mtu aliandikwa chini ya sultani wake na mugini wake, na kuhama bila karatasi ya ruhusa ilikuwa kosa. Mwenye kutafuta anapata faida hapo: mugini, usultani, teritwari. Lakini Wabelgiji walihamisha vijiji, wakavipanga kandokando ya barabara, wakaunganisha sultani mdogo na mkubwa. Jina la mugini unalolisoma laweza kuwa fasi nkambo alipohesabiwa, si fasi alipozaliwa.

Kompani ilikuja nyuma. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza ilimwagwa Lubumbashi mwaka 1911. Kwanza wanaume walikuja peke yao, kwa kontra fupi, toka Rhodesia ya Kaskazini, Lomami na hata Ruanda-Urundi. Kuelekea mwaka 1928 kompani ilianza kutaka mufanyakazi akae na bibi na watoto. Mwaka huohuo reli ya BCK ilifika Ilebo, njia ya Kasai ikafunguka. Kila mufanyakazi alikuwa na namba yake, na jamaa yake iliandikwa sababu posho iligawanywa kwa kufuata bibi na watoto. Lakini ni kwa posho hiyo hesabu inachanganyika: mwipwa aliyekaa kwa mjomba aliweza kuandikwa kuwa mtoto wa nyumba. Profesa Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya jamaa za wafanyakazi wa Gécamines, alionyesha namna kompani ilijifanya baba ya watu hao.

Sasa, kwa nini bankambo wanatuponyoka? Kwanza ni majina. Zamani kwetu hapakuwa jina moja la jamaa nzima linalotoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Kila mtu alikuwa na lake, mara nyingi la mzee aliyemtangulia. Kisha misioni ikampa Petro, na pale kazini karani akaandika alivyosikia: Kyungu hapa, Kiungu pale. Mwaka 1972 serikali ya Zaire ikakataza majina ya kikristo, na Joseph-Désiré Mobutu mwenyewe akawa Mobutu Sese Seko. Mtu mumoja, karatasi tatu, majina matatu. Lakini majina yetu yanasaidia pia. Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni mapacha. Ukimpata Kabange peke yake kwenye buku, umutafute Kyungu: alikuwako, hata kama alikufa mutoto.

Shida kubwa kuliko zote iko kwa mama. Watabwa, Wahemba, Wabemba na Walamba wanafuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake; urithi na usultani vinatoka kwa mjomba kwenda kwa mwipwa. Lakini mabwana wa serikali na wa kompani walitoka Ulaya, fasi jina linafuata baba. Wakauliza: baba yako nani? Mjomba hakuulizwa. Vile mtu aliyekuwa nguzo ya ukoo hana mustari wake kwenye karatasi za wapwa wake. Katika mabishano ya usultani ao ya udongo, anayekuja na karatasi ya kolonia peke yake analeta nusu ya ukweli, na ile nusu inaweza kumunyima haki mwenye haki.

Iko hatari ingine. Neno «asili» kwenye kitambulisho liliandikwa kwa kuhesabu watu. Baadaye likawa silaha. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya jamaa zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, iliyoitwa Shaba wakati ule. Wengi walizaliwa palepale, na bankambo wao waliletwa na reli na kompani. Anayesoma makaratasi vizuri ataona kwamba watu wetu wametembea sana, na kwamba mji huu wa shaba haukujengwa na kabila moja.

Tufanye namna gani basi? Tuanze na wazee, si na karatasi. Tumuulize nkambo mwanamke kwanza, yeye ndiye anashika ukoo: mama yako nani, ndugu za mama yako nani, walizikwa wapi? Tuandike majina yote ya kila mtu, hata ya utani. Kisha twende parokia na heshima, tuombe mustari wa ubatizo, tusome na maneno ya pembeni. Mwisho tulinganishe. Karatasi na mzee wakikubaliana, vizuri. Wakipingana, tuandike yote mawili bila kufuta hata moja. Mwaka 1965 André Yav na wenzake, waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu, waliandika kwa Kiswahili historia ya Elisabethville walivyoiona wao. Hawakungoja profesa. Daftari moja ya mutoto wa shule inatosha kuanza, lakini mchwa unakula na wazee wanaondoka. Tuanze mwaka huu.