Tramu za Njano za Minneapolis

Wapenzi wa historia wa Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, wana picha moja ya mwaka 1954 ambayo hadi leo huwatia uchungu. Wanaume wawili waliovaa suti wamesimama mbele ya behewa la tramu linaloteketea kwa moto. Mmoja ni James Towley, naye anamkabidhi hundi Fred Ossanna, rais wa kampuni ya usafiri ya Twin City Rapid Transit. Behewa lile lilichomwa kwa makusudi. Mwili wake ulikuwa wa mbao, na njia rahisi ya kupata chuma chakavu kilichomo ilikuwa kulitia kiberiti.

Mji wenyewe ulizaliwa na nguvu ya maji. Maporomoko ya Saint Anthony, kwenye mto Mississippi, yaliendesha vinu vya unga vilivyoifanya Minneapolis iongoze Marekani kwa kusaga ngano. Septemba 1882 maji hayohayo yakaanza kuzalisha umeme, katika mojawapo ya vituo vya kwanza kabisa vya aina hiyo nchini humo. Kwa hiyo Thomas Lowry, mwanasheria na mfanyabiashara wa viwanja, alipoamua kuachana na magari ya kukokotwa na farasi, umeme haukuwa kitu kigeni mjini. Tramu yake ya kwanza ya umeme ilipita mitaani Desemba 1889. Lowry alijua hesabu zake: reli ilipofika penye viwanja, bei ya viwanja ilipanda, na vingi vilikuwa vyake.

Miaka thelathini baadaye Minneapolis na pacha wake Saint Paul zilikuwa na zaidi ya kilomita 800 za reli, kutoka Stillwater upande wa mashariki hadi ziwa Minnetonka upande wa magharibi. Mabehewa yaliundwa palepale, katika karakana ya kampuni iliyokuwa barabara ya Snelling, na kupakwa rangi ya njano. Mwaka 1920 kampuni ilihesabu safari za abiria zipatazo milioni 238.

Tusizivishe tramu hizo kilemba cha ukoka. Sehemu ya umeme wake ilitoka kwenye bwawa la chini ya maporomoko, lililokamilika 1897, lakini abiria walipoongezeka kampuni ilijenga kituo cha mvuke kando ya mto mwaka 1903, nacho kilichoma makaa ya mawe kwa wingi. Moshi ulikuwepo. Tofauti ni kwamba ulitoka kwenye bomba la kituo kimoja. Tramu yenyewe haikujali umeme wake umetoka kwenye maji au makaa, na siku ambayo kituo kingebadilisha nishati, mabehewa yote yangebadilika nacho bila kuguswa hata msumari. Gari la petroli halina bahati hiyo, kwa kuwa kila moja hubeba moto wake.

Kilichoiua mitandao ya tramu Marekani hubishaniwa sana, na wengi huinyooshea kidole General Motors. Kwa Minneapolis, kisa kilianzia kwenye hisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilikuwa ikitumia fedha zake kununua tramu mpya 141 za kisasa. Charles Green, mwekezaji kutoka New York, alikuwa amenunua hisa akitaraji gawio. Alipoona gawio haliji, aliwakusanya wanahisa wenzake, na mwaka 1949 akaitwaa kampuni. Alipunguza huduma, akatangaza kwamba mabasi yatachukua nafasi ya reli. Mwaka 1951 Ossanna, mwanasheria aliyekuwa upande wake, alimwondoa na kuharakisha kazi hiyohiyo. General Motors ndiyo iliyouza mabasi ya dizeli. Tramu ya mwisho ilikwenda Juni 1954, na mwaka 1960 mahakama ikamtia Ossanna hatiani kwa ulaghai uliofanyika wakati wa kubomoa mfumo huo.

Zile tramu mpya ziliuzwa Mexico City, Shaker Heights na Newark. Za Newark zilibeba abiria hadi 2001, na baadhi yake zikahamia San Francisco. Nani basi aliyesema zimezeeka?



Reli zilipong'olewa, zikaja barabara kuu. I-94, iliyounganisha miji hiyo miwili mwaka 1968, ilipasua Rondo, mtaa wa Wamarekani Weusi wa Saint Paul, na kubomoa mamia ya nyumba. Vitongoji vikatambaa hadi mahali ambapo bila gari hununui hata mkate.

Matokeo yake yanaonekana kwenye hesabu za jimbo. Mwaka 2007 Minnesota ilipitisha sheria ya kupunguza gesi joto kwa asilimia 15 kufikia 2015, na lengo hilo likakosekana. Upande wa umeme, kazi imefanyika: kituo cha Riverside, Minneapolis, kiliacha makaa ya mawe na kuhamia gesi asilia mwaka 2009, na mtambo mmoja wa Sherco, kituo kikubwa cha makaa jimboni, ulizimwa mwishoni mwa 2023. Usafiri ndio uliobaki nyuma, na sasa unaongoza kwa kutoa gesi hizo.

Reli zimeanza kurudi. Njia ya kwanza ya treni nyepesi ilifunguliwa 2004, na ina kituo Cedar-Riverside, mtaa wa maghorofa wenye Wasomali na Waoromo wengi. Ya pili, ya 2014, inapita University Avenue, palepale ilipopita tramu ya kuunganisha miji hiyo. Mpango wa awali uliviruka vituo vitatu katika sehemu ya wakazi wa kipato cha chini, jirani na iliyokuwa Rondo. Wakazi walipiga kelele hadi vikaongezwa.

Mwaka 2023 jimbo liliagiza umeme wote uwe usio na hewa ukaa ifikapo 2040, na likaongeza kodi ya mauzo katika eneo la miji hiyo kugharimia usafiri wa umma. Mwaka huohuo ilipita pia kanuni isiyosemwa sana: anayetaka kupanua barabara kuu lazima kwanza apime gesi zitakazoongezeka, na zikizidi kiwango, atafute namna ya kuzifidia au aubadilishe mradi.