Okello yupi? Wa Zanzibar, wa Kampala au yule wa siku mbili?

Wadau, ukiandika "Okello" kwenye Google unaletewa watu chungu nzima. Mmoja anapindua serikali Zanzibar. Mwingine anapindua Kampala. Wa tatu anaapishwa kuwa rais wa Uganda. Wote wanatoka kaskazini mwa Uganda, na wote picha zao ni za magwanda. Sasa hapo mtu asipochanganya atakuwa mjanja kweli. Ndiyo maana unaweza kukuta kijiweni mtu anabisha mpaka mishipa ya shingo inamsimama, kwamba Okello aliyemkimbiza Sultani ndiye huyo huyo aliyekuja kutawala Uganda. Siyo. Ni watu watatu, na siyo ndugu.

Tuanze na jina lenyewe, maana ndilo linalotupoteza. Sisi tumezoea kuwa watu wawili wakiitwa Mwinyi au Karume basi huenda ni baba na mwana. Okello haliendi hivyo. Kwa Walango, Waacholi na Wajaluo, Okello ni mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya mapacha. Akiwa wa kike ni Akello. Kwa hiyo popote mama alipojifungua mapacha halafu akapata mtoto mwingine wa kiume, kuna Okello hapo. Jina linakwambia alizaliwa baada ya nani. Halikwambii ukoo wake, na wala halikwambii kama anatoka Lira, Kitgum au Kisumu.

Haya, Okello wa kwanza: John. Huyu ni Mlango, alizaliwa 1937, akafiwa na wazazi akiwa bado mdogo. Akazunguka Afrika Mashariki akitafuta riziki, Uganda na Kenya, kazi za uashi na vibarua vya hapa na pale, na Kenya akaonja jela. Mwaka 1959 akavuka kwenda Pemba, na 1963 akahamia Unguja. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, serikali ikiwa chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Mwezi mmoja na siku mbili tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu wenye mapanga, mikuki na silaha za kubahatisha wakavamia kituo cha polisi cha Ziwani na kuchukua bunduki. John Okello alikuwa mbele. Umri wake: miaka 26.

Asubuhi watu wakasikia sauti redioni, Kiswahili chenye lafudhi ya bara, jamaa anajiita Fildi Marshali na kutoa amri na vitisho vya kutisha kwelikweli. Cheo hicho hakupewa na jeshi lolote, alijipa mwenyewe. Sultani akapanda meli na kukimbia. Siku zilizofuata maelfu ya watu waliuawa, wengi wao Waarabu, na hilo si jambo la kulipitia kana kwamba ni vumbi la barabarani. Wapo wanaosema Okello ndiye aliyepanga kila kitu, wapo wanaosema mipango ilikuwa ya vijana wa ASP na yeye akajitokeza mbele. Ubishi huo unaendelea mpaka leo na sidhani kama utaisha karibuni.

Kisichobishaniwa ni kilichompata. Urais ulikwenda kwa Abeid Amani Karume. Okello akasafiri bara, na Machi 1964 aliporudi Unguja akazuiwa kuingia. Yaani miezi miwili tu baada ya mapinduzi, Fildi Marshali hana kisiwa! Tanganyika na Zanzibar zinaungana tarehe 26 Aprili, yeye keshafukuzwa. Akatangatanga bara, Kenya na Uganda, akafungwa tena. Kitabu chake kuhusu mapinduzi kilitoka Nairobi mwaka 1967. Mara ya mwisho kuonekana hadharani ni Uganda mwaka 1971, Idi Amin akiwa ndiyo kwanza ameshika nchi. Baada ya hapo kimya. Wengi wanaamini Amin alimuua. Kaburi lake halijulikani.

Ndiyo maana kuchanganya majina hapa si kosa dogo la mtihani wa historia. Ukisema Okello wa Zanzibar alikuja kuwa rais wa Uganda, umempa miaka mingi ya kuishi mtu ambaye huenda aliuawa kimyakimya akiwa na miaka 34 hivi. Swali la nani alimuua na kazikwa wapi linakufa palepale.

Sasa huyo aliyekuwa rais kweli ni Tito Lutwa Okello, Mwacholi, mzaliwa wa 1914. Mtu mzima kabisa, John angeweza kuwa mwanawe. Aliingia jeshi la wakoloni, KAR, mwaka 1940. Amin alipopindua 1971 alikimbilia Tanzania, na sisi tunamfahamu kwa vita vya Kagera: alikuwa miongoni mwa makamanda wa Waganda waliopigana bega kwa bega na JWTZ mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Obote aliporudi madarakani mwishoni mwa 1980, Tito akawa mkuu wa jeshi.

Na huyu wa tatu, Bazilio Olara-Okello, ndiye anayesahaulika, au anayeunganishwa na Tito wakawa mtu mmoja. Naye Mwacholi, naye alipigana vita vya kumtoa Amin, na kufikia 1985 alikuwa brigedia akiongoza majeshi ya kaskazini. Chanzo cha kasheshe ni hiki: mnadhimu mkuu, David Oyite-Ojok, alikufa katika ajali ya helikopta Desemba 1983. Obote, ambaye ni Mlango, akampa nafasi hiyo Mlango mwingine, Smith Opon Acak. Maofisa wa Kiacholi wakaona wamedhulumiwa, huku askari wao ndio wanaokufa wakipambana na Museveni msituni. Tarehe 27 Julai 1985 Bazilio akaingia Kampala na Obote akakimbia. Bazilio akawa mkuu wa nchi kwa siku mbili, tarehe 29 akaapishwa mzee Tito.

Utawala wenyewe haukufika hata miezi sita kamili. Desemba 17, 1985 Tito na Museveni walisaini mkataba wa amani Nairobi mbele ya Rais Moi, mkataba ambao haukuzuia chochote. Tarehe 26 Januari 1986 Kampala ikawa mikononi mwa NRA. Wote wawili wakakimbilia Sudan. Bazilio alifia huko, Omdurman, Januari 1990. Tito alirudi Uganda 1993 kwa mwaliko wa Museveni yule yule aliyempindua, akafariki Juni 1996, na mwaka 2010 akatunukiwa nishani ya Kagera akiwa kaburini. Mwanawe, Henry Oryem Okello, akaja kuwa waziri wa nchi wa mambo ya nje katika serikali ya Museveni. Siasa hizo!

Kuna wa nne ambaye hakushika bunduki: Okello Oculi, mshairi na msomi, Mlango wa mwaka 1942, aliyefundisha sayansi ya siasa chuo kikuu cha Ahmadu Bello kule Zaria, Nigeria. Kwake Okello linatangulia, kwa hiyo ukimtafuta anza na Oculi. Kitabu chake "Orphan", yaani yatima, kilitoka 1968, mwaka mmoja tu baada ya kile cha John. Anayekifungua akidhani ni maisha ya Fildi Marshali atakutana na ushairi.