Orodha ya Rabai Ianze na Mringe

Kila Novemba, Jumapili ya kuwakumbuka marehemu, kanisani kwetu husomwa orodha ya majina. Mzee wa kanisa husoma taratibu, na kila jina likitajwa, yuko mtu kwenye benchi fulani anayeinamisha kichwa. Nyanya yangu, mwanachama wa Umoja wa Akina Mama ambaye hakuwahi kuja ibadani bila kitambaa chake cheupe, alikuwa na desturi moja. Kabla jina la kwanza halijasomwa, alitangulia kunong'ona la kwake: "Mringe." Utotoni nilidhani ni ndugu yake aliyekufa maji. Nilipomuuliza alinijibu, "Si ndugu yetu wa damu, mjukuu wangu. Ndiye wa kwanza."

Sifa za Rabai, alikotoka Mringe, zinajulikana na wengi, sitazirudia zote. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, unafika Mazeras, unakunja kulia kuelekea vilimani. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga mwaka huo huo. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na wazee wa kambi, yaani baraza la wazee wa Rabai, wakawaruhusu kujenga. Siku waliyohamia huko, Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Miaka miwili baadaye Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf akauona mlima Kenya. Hayo yako katika kila kitabu cha shule.

Asiyekuwamo ni Mringe. Alikuwa kiwete, maskini, mtu ambaye kijiji hakikumhesabu katika mambo makubwa. Ndiye aliyeketi na kusikiliza. Mwaka 1851, akiwa kitandani karibu na kufa, alibatizwa. Basi ushirika wa kwanza wa misheni ile ulikuwa wa mtu mmoja asiyeweza kutembea, na kabla haujapata wa pili, huyo mmoja akafariki. Nimesoma maelezo yanayompitia kwa nusu mstari, kama kwamba hesabu ya mtu mmoja ni aibu inayofaa kufunikwa. Sioni aibu hapo. Kanisa lolote kijijini, hata leo, huanza na mtu anayekaa akasikiliza wakati wenzake wana shughuli nyingine.

Hapo ndipo ninapogombana na waliotutangulia kuandika. Wanasema Rebmann alikaa Rabai miaka 29 "peke yake", akitaabika bila matunda. Peke yake kwa maana gani? Mkewe Emma aliishi naye pale hadi alipofariki mwaka 1866. Alikuwapo Abe Gunja, mwenyeji wa pale pale. Kwa Wamijikenda "Abe" ni "Baba", yaani walimjua kwa jina la mwanawe kama tunavyojuana hadi leo. Alikuwapo Abe Ngoa, Mgiriama. Alikuwapo Salimini, mtumwa aliyetekwa huko Nyasa, ambaye Rebmann aliketi naye kuandika maneno ya lugha ya kwao, neno baada ya neno. Kamusi iliyotokana na vikao vile ilichapwa mwaka 1877 ikiwa na jina la Rebmann. Kinywa kilichoijaza kilikuwa cha Salimini. Mtu mwenye wenzake kama hao hawezi kuitwa mpweke, ila kama mwandishi anahesabu Wazungu tu.

Kuna jambo jingine linalonikaa moyoni kuliko yote. Mwishoni Rebmann alipofuka. Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza, alipopita Mombasa mwaka 1873 kwa shauri la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee huyo katika hali hiyo. Mwaka 1875 Rebmann alikubali kurudi kwao Ujerumani, na aliyemshika mkono njia nzima ni Isaac Nyondo, mtu wa Rabai. Hebu mwone: anaishika fimbo ya mzee upande mmoja ili asikanyage pabaya, anamwambia hapa pana ngazi, hapa tumefika melini, hapa pana kizingiti. Anavuka bahari akielekea nchi asiyoijua, akimpeleka nyumbani mtu aliyekwisha sahau kwao kulivyo. Rebmann alifariki Korntal mwaka 1876. Mchungaji aliyekuja kutuonyesha njia aliondoka akionyeshwa njia na mshirika wake. Kama kuna picha ambayo ingepaswa kuchongwa mlangoni pa Rabai, ni hiyo.

Tena wapo Wabombei. Hawa walitekwa utotoni wakiwa kwao bara, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakalelewa na kusomeshwa India, na mwaka 1864 baadhi yao wakaletwa kuisaidia misheni: George David, William Jones, Ishmael Semler. David alifariki mwaka 1884 bila kuwekewa mikono. Wenzake wawili wakafanywa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Hannington alitangulia kwenda Uganda, akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara Kwa Sundu, mji tunaouita Mumias. Askofu aliuawa Busoga Oktoba. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi hadi pwani, mwendo wa miezi, na mapema mwaka 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa nguo nyeupe: Ikabodi, utukufu umeondoka. Nawaza ni mikono ya nani iliyoshona herufi zile njiani, kwenye kambi zenye njaa. Msiba wa Hannington tunaukumbuka kwa jina lake, na ni haki. Lakini aliyebeba habari na kufika nayo mlangoni kwa wafiwa ni shemasi Jones.

Rabai ya Jones ilijaa watoro. Watumwa waliowakimbia mabwana zao walijenga pale na kulima, mabwana wakaja juu, hadi George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA akawalipa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu karibu 1,400 walipewa hati zao za uhuru. Baadhi ya wale wanaojaza mabenchi ya pwani siku hizi ni wajukuu wa siku ile, hata wasipopenda kuitaja.

Yaliyofuata yalikwenda mbio: reli ikapita Mazeras, misheni kubwa zikahamia bara, taifa likapata uhuru. Kaya za Rabai ziliingia katika urithi wa dunia mwaka 2008, nami nafurahi. Makumbusho pale yana jina la Krapf, mtu aliyeishi vilimani humo kwa miaka michache kuliko Abe Gunja.

Sikwenda kuomba jina libadilishwe. Nilikwenda kwa mzee wetu wa kanisa, wiki moja kabla ya ukumbusho, nikamwomba karatasi yake. Alinipa pamoja na kalamu. Juu kabisa, penye nafasi kabla ya jina la kwanza, nikaandika Mringe. Chini yake, kwa kuwa nafasi ilitosha, nikaandika Nyondo.