Maiti za Vita na Pazia la Dola

Tarehe 20 Septemba 1943, jarida la Life la Marekani lilichapisha picha ya wanajeshi watatu wa nchi hiyo wakiwa wamelala maiti kwenye mchanga wa Buna, New Guinea. Mpigapicha, George Strock, alikuwa ameipiga miezi mingi kabla, lakini wakaguzi wa kijeshi waliizuia. Serikali ya Roosevelt ilipoiachilia, haikusukumwa na mapenzi ya ukweli. Ilihofia kwamba raia wameanza kubweteka, ikataka waione bei ya vita. Hata hivyo, nyuso za marehemu hazionekani. Februari ya mwaka uleule, jarida hilohilo lilikuwa limechapisha kichwa cha askari wa Kijapani kilichoungua, juu ya kifaru, uso ukiwa wazi. Maiti ya adui haikuhitaji kusitiriwa.

Kwa hiyo suala hili halikuwahi kuwa la adabu peke yake. Dola huficha na hufichua kwa kadiri ya haja yake. Kuanzia 1991 hadi 2009, Marekani ilikataza hata majeneza ya wanajeshi yaliyoshushwa Dover yasipigwe picha. Zuio lilipoondolewa, ruhusa iliachwa kwa familia.

Kwetu Kenya, mfano ulio karibu ni El Adde. Al-Shabaab walipoivamia kambi ya wanajeshi wetu nchini Somalia tarehe 15 Januari 2016, picha za waliouawa zilizagaa mitandaoni, na serikali ikaonya dhidi ya kuzisambaza. Katika hilo ilikuwa na haki: mzazi hapaswi kupokea tanzia ya mwanawe kupitia simu ya jirani, tena kwa picha iliyopigwa na muuaji. Lakini pazia lililofunika picha lilifunika pia hesabu. Serikali haikutangaza idadi kamili ya waliokufa. Aliyetaja idadi, kati ya 180 na 200, alikuwa Rais wa Somalia wa wakati huo, Hassan Sheikh Mohamud, na Nairobi ikaikanusha bila kutoa yake.

Heshima ya mwili ni haki ya marehemu na jamaa zake. Hesabu na majina ni haki ya umma. Picha ya Strock ningeichapisha. Za El Adde, zilizopigwa kwa kujigamba, nisingezichapisha kamwe. Orodha, hata hivyo, ningeidai bungeni, maana Katiba ya 2010 inataka Bunge liidhinishe wanajeshi kupelekwa nje ya nchi.