Uvimbe wa Taya katika North Mara

Wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti, huenda mmepata kumwona mtoto aliyevimba taya, meno yakilegea, jicho likisukumwa nje. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Denis Burkitt, Mkristo wa sala aliyepoteza jicho moja utotoni, alionyeshwa mtoto wa namna hiyo. Ilikuwa saratani. Baadaye ilionekana kwamba dawa zaweza kuiponya. Lakini hukua upesi mno, na mzazi angojaye hata mavuno yaishe huchelewa. Wako wasemao kwamba kwenda kwa tabibu ni kumshuku Mungu. Sisi twaona kwamba aombaye njiani, mtoto mgongoni, haombi kwa imani pungufu.

Tangu 1977 hata 1982, katika wilaya ya North Mara (ndiyo Tarime, kabla Rorya haijatengwa nayo mwaka 2007), watoto wasiotimiza miaka 10 waligawiwa klorokwini, ili ijulikane kama kuzuia malaria kutazuia na uvimbe huo. Hospitali ya Wamennonite ya Shirati ilishiriki. Wazazi walipokea vidonge kwa ajili ya watoto wazima, na hilo ni gumu kuliko kumpokelea mgonjwa. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa, na malaria ikarudi.