Kokoto Zilizofichwa

Mwaka nilioacha chuo, mjomba alinipeleka mjengo. Kazi ilikuwa njia ya gari nyumbani kwa tajiri fulani, konkriti ya kuonyesha kokoto. Unamwaga, unasawazisha kwa ubao, unangoja ianze kushika, halafu unasugua simiti ya juu kwa brashi na maji hadi kokoto zichungulie.

Mjomba akaniambia, "Ngoja nirudi." Sikungoja. Kokoto ziling'oka kama meno ya mtoto. Kipande kizima kikavunjwa, na pesa yangu ya wiki ikaenda nacho.

"Mpwa wangu," mjomba alisema, "konkriti haijui kama ulifika chuo. Inataka saa yake tu."

Nilikumbuka maneno hayo baadaye, niliposoma habari za John Joseph Earley.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Wamarekani wengi waliona konkriti kama kitu cha misingi na mabwawa. Ina nguvu, sawa, lakini sura yake ifichwe. Jijini Washington, bustani ya Meridian Hill ilipangwa kwa mtindo wa bustani za Italia: kuta ndefu, ngazi, maji yanayoporomoka. Kujenga zote kwa mawe ya kuchongwa kungekula pesa nyingi mno. Karakana ya Earley ikatengeneza ukuta wa majaribio kwa plasta. Ukakataliwa.

Hapo ndipo Earley alipoacha kuficha. Alimwaga konkriti yenye kokoto za mtoni, akabandua mbao kabla haijakomaa, na ukuta ukasuguliwa kwa brashi za waya. Simiti ya juu ikatoka, kokoto zikabaki na rangi zao: kahawia, manjano, nyeupe.

Siri nyingine ilikuwa kwenye mchanganyo. Ukitumia kokoto za kila saizi, zile ndogo zinajibana katikati ya kubwa na kuzisukuma mbali. Earley aliondoa saizi za kati. Akabaki na kokoto kubwa na mchanga, ndiyo maana kubwa zilikaa karibu karibu na uso wa ukuta ukajaa rangi. Hakuipaka konkriti rangi. Aliichagua ndani ya jiwe lenyewe.

Baada ya hapo kazi zikamfuata. Sanamu kubwa ya Fountain of Time ya Lorado Taft, iliyozinduliwa Chicago mwaka wa 1922, ilitoka kwenye karakana yake. Kuanzia 1932, karakana hiyo ikatengeneza mapambo ya nje ya hekalu la Wabahá'í huko Wilmette, Illinois. Ni vipande vilivyotobolewa kama lesi, vyenye kwatzi nyeupe inayometa juani. Earley alifariki mwaka wa 1945, kabla hekalu halijazinduliwa rasmi 1953.

Kinachonigusa si umaarufu wake. Earley alijifunzia kazi kwenye karakana ya babake, mchonga mawe. Mimi nilidhani nimetoka mahali pa kufikiri nikaenda mahali pa kubeba. Kumbe kuchagua saizi ya kokoto ni kufikiri. Kujua saa ya kubandua mbao ni kufikiri pia.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Kuta za Meridian Hill zina jina la Earley, na zilisuguliwa na mikono mingi. Ni kama huku kwetu: jengo hupewa jina la msanifu au la mwenye pesa, na aliyesugua anarudi nyumbani na matatu, simiti kwenye kucha.

Kipande cha pili nilikingoja. Mjomba alisugua kona moja tu, akatazama. Kokoto ikatikisika. Tukakaa chini, tukanywa chai. Akajaribu tena, safari hii haikusogea.

"Sasa," akasema, akanipa brashi.

Mwenye nyumba hajui jina langu. Lakini naijua ile kona.